Ng'ambo ya Lambo

Kintinku,
Jumapili, 27 Aprili 2025

Deo,

Sikuulizi hali maana najua utajibu "poa" hata kama una malaria. Naanza na ndege.

Nimewapata. Wale kasuku wadogo wa kijani wenye kola ya njano shingoni, ambao ulisema hawapigiki picha kwa sababu hawatulii kama watoto wa chekechea. Wawili, juu ya kichwa kimoja cha alizeti, mmoja amepasua mbegu na ganda liko bado mdomoni. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye kile kichuguu cha upande wa barabara, lenzi ndefu ya Mjomba Nathan nimeilaza juu ya kifuko cha mtama, maana ukiishika kwa mkono hata pumzi inatikisa picha yote. Na konvata nilikuwa nimeifunga. Unaikumbuka? Kile kipande kifupi kinachokaa kati ya kamera na lenzi, kinachovuta vitu karibu mara mbili zaidi. Mjomba tangu aache kuendesha watalii kila akinipigia ananikumbusha: "Konvata haitoi bure. Inakuletea ndege mlangoni, halafu inakula mwanga wako." Kwa hiyo lazima jua liwepo, lakini lisiwe limepanda sana. Likipanda joto linaanza kucheza juu ya mashamba, na kila kitu kinatoka kama kiko chini ya maji.

Nimeisafisha picha Manyoni, nakuwekea nakala. Nyuma ya ndege utaona ng'ombe wenu. Diwani yumo, na pembe yake iliyoanguka. Nikasema acha Deo aone na nyumbani kidogo.

Shangazi Kristina ameiweka kwenye grupu la kijiji, akaandika KAZI YA BINTI YETU EDITHA kwa herufi kubwa kama tangazo la msiba. Nilijificha jikoni mpaka jioni.

Tangu uhamie bweni huko Iramba, dawati letu nakaa peke yangu. Walimu wanadhani napenda. Wasichana bado wananiita Mzungu wa Dodoma kwa sababu ya ile shule ya msingi ya Kiingereza, kana kwamba niliomba mwenyewe kusomeshwa kule. Ajabu ni kwamba Kiingereza naandika vizuri, Kiswahili naandika vizuri, ila kusema kwa mdomo siwezi, kwa lugha yoyote ile. Mwalimu akiniita, jibu liko kichwani limekaa vizuri kabisa, halafu linafika kooni na kugeuka nyuma.

Baba yako alipita juzi na kibuyu cha maziwa. Akaketi, akaniuliza, "Leo umekamata nani?" Kama mimi ni polisi wa ndege. Nikamwonyesha. Wote anawajua, majina yao anayataja kwa Kigogo, mimi nayaandika pembeni. Sijui kama umewahi kugundua, lakini watu wote wanaokuja nyumbani kwetu wanakuja kwa shangazi. Yeye ndiye peke yake anayekuja kwangu.

Editha


Bwenini, Iramba
Jumanne, 6 Mei 2025

Editha,

Picha imefika. Habari yake ilikuwa imeshafika kabla.

Mathayo alikuja siku ya kutembelewa kumletea dada yake unga, akanivuta pembeni. Kumbe hujui? Au unajua na umenyamaza, maana kunyamaza ndiyo kazi yako? Alizeti ya Mzee Melkiori imekanyagwa, upande mzima wa chini. Alikuwa anatafuta mtu wa kumshika. Akaiona picha yako kwenye grupu, akaivuta kwa vidole ikawa kubwa, akaanza kutembea nayo nyumba kwa nyumba: "Huyu siyo Diwani wa Simeoni? Huyu aliyesimama katikati ya alizeti yangu ni nani, Yesu?"

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Mzee wangu Simeoni akishindwa, anafungiwa lambo. Bila lambo ng'ombe hawanywi, na ng'ombe wasipokunywa sisi hatukai Kintinku. Tutahamia porini huko, na mimi nikifunga shule sitakuwa na nyumbani pa kurudi. Unaelewa ulichopiga?

Nimeiangalia hiyo picha mpaka imelowa jasho la vidole. Alizeti iko mbele ya ng'ombe, iko na pembeni. Miguu haionekani. Ng'ombe asiyeonekana miguu kwenye alizeti yuko wapi, kama hayumo ndani?

Nitakwambia kitu ambacho huku sijamwambia mtu. Tangu mama afariki, baba anasinzia machungani. Anakaa kwenye jiwe, kofia inashuka, basi. Mimi ndiye nilikuwa namwamsha. Sasa sipo. Kwa hiyo sihitaji Mathayo wala Melkiori kunieleza kilichotokea.

Naomba hivi. Sema umeiunga. Sema ulichukua ndege huku, ng'ombe kule, ukaunganisha kwa kompyuta. Vijana wanafanya kila siku, nani atakubishia? Ni uongo mdogo tu. Kama huwezi kusimama mbele za watu, andika, shangazi asome.

Ndani kuna bahasha ya baba. Simu ya patroni tunapanga foleni Jumapili, na zamu yangu ikifika baba hapatikani, yuko na ng'ombe. Atakuja kwako umsomee kama kawaida.

Deo

Usinitumie picha nyingine.


Kintinku,
Jumapili, 11 Mei 2025

Deo,

Hukuuliza.

Ungeniuliza tu: Editha, ng'ombe walikuwa wapi? Ningekujibu kwa mstari mmoja. Walikuwa ng'ambo ya lambo.

Mimi nilikuwa kwenye kichuguu. Mbele yangu shamba lote la Mzee Melkiori, na unajua lilivyo refu. Shamba likiisha kuna ukingo, na chini ya ukingo maji, na mwaka huu lambo limejaa mpaka kwenye mawe. Ng'ambo ya maji, juu kule, ndipo alipokuwa Diwani na wenzake. Hata kengele yake sikuisikia. Maji yenyewe hayaonekani kwa sababu nilikuwa chini kabisa na vichwa vya alizeti viliyaziba.

Sikiliza, nimetafuta namna ya kueleza siku nne. Chukua kitenge, kikunje. Ua la pindo hili linakutana na ua la pindo lile, yanaonekana yamechorwa pamoja. Kitenge hakijapungua hata kidogo, ila kipande cha katikati kimeingia kwenye mkunjo. Lenzi ndefu inakunja hivyo, na konvata inazidisha kukunja. Ndiyo maana ng'ombe wana ukungu kidogo. Watu wanasema ni vumbi la kukanyaga. Si vumbi. Ni umbali.

Na baba yako alikuwa macho, Deo. Alikuwa amesimama, fimbo begani, anatazama upande wangu. Nilimwona kwenye lenzi kabisa. Hayumo kwenye picha kwa sababu nilisogeza lenzi kushoto ili asiingie. Nilitaka ndege wakae vizuri. Hilo nalifikiria kila nikila.

Sitasema nimeiunga. Usidhani ni utakatifu. Nikisema nimeiunga, watauliza kwa nini niliwachukua ng'ombe wa Simeoni na si wa mtu mwingine, nani alinituma, na mwisho itaonekana sote tunaficha. Kuna jambo la kweli la kusema. Shida yangu ni kwamba linataka mdomo.

Jana nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi wa shangazi. Nilisema, "Wazee wangu, shikamooni." Wawili walisikiliza. Wa tatu akaondoka.

Barua ya baba yako nimemsomea. Alifurahi. Aliikunja akaitia ndani ya kofia.

Editha


Bwenini, Iramba
Alhamisi, 15 Mei 2025

Editha,

Alifurahi?

Alifurahi nini? Mimi sikuandika barua ya kumfurahisha mtu. Nilimwandikia kubali tu. Nilimwandikia aende kwa Melkiori kabla ya mkutano akaombe radhi, aache kubisha kama mtoto. Nilimwandikia kwamba amezeeka na kazi ya ng'ombe imemshinda. Nilitumia neno hilo, imemshinda. Niliandika kwa hasira wakati wenzangu wako uwanjani wanacheza, nikaifunga bila kuisoma mara ya pili.

Habari ya kitenge nimeijaribu kwa shuka ya mwenzangu wa kitanda cha juu. Akaniuliza, "Vipi mwana, unafua au unachora?" Nilikuwa nimekaa tu nakunja na kukunjua. Mistari inakutana kweli. Kwa hiyo baba alisimama pale na fimbo yake, macho, anasema kweli, na kijiji kizima kinambishia. Na mimi nikaongeza yangu.

Najua hii haitafika kabla ya Jumamosi. Nampa kondakta wa basi la Singida hivyo hivyo.

Kama ulimsomea na akafurahi, basi kuna kitu hujaniambia.

Deo


Kintinku,
Jumapili, 18 Mei 2025

Deo,

Kwanza lambo. Hajafungiwa. Pumua.

Uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa mpaka kwenye baiskeli. Mzee Melkiori alisimama na simu yake iliyopasuka kioo, akaipitisha mstari wa mbele. "Tazameni wenyewe. Mimi sina maneno. Ng'ombe wamo, alizeti imo, kesi iko wapi?" Mwenyekiti akasema, "Aliyepiga picha yupo?" Shangazi akanisukuma mgongoni kwa kiwiko.

Nilisimama. Nikasema, "Wazee wangu." Halafu nikasahau shikamoo, Deo. Mbele ya wazee wote! Mama mmoja nyuma akasema, "Huyu mtoto wa Kristina ni bubu au ni maringo ya Dodoma?" Watu wakacheka. Nilijua nikisubiri sentensi ya pili haitakuja, kwa hiyo sikuisubiri. Nilimwonyesha Mwenyekiti kwa mkono asimame pale penye mlingoti wa bendera. Mzee Melkiori nikamwomba aende mpaka kule kwenye ghala la pamba la zamani.

"Mimi? Niende wapi? Mimi ndiye mlalamikaji!"

"Nenda tu Melkiori," Mwenyekiti akasema, "huenda ukapigwa picha ya kitambulisho."

Nikalala chini, na gauni langu la kanisani, lenzi juu ya kifuko cha mtama. Na wingu likaja. Picha ya kwanza ikatoka nyeusi kama sufuria. Konvata imekula mwanga wote. Nikasikia mtu anasema, "Ndiyo utaalamu wenyewe huo?" Ya pili ikatikisika. Nikafungua mwanga kadiri unavyofunguka, nikashika pumzi, ya tatu ikakaa.

Nikampelekea Mwenyekiti kioo cha kamera. Alitazama, akaguna, akatazama tena, akampa aliye jirani. Ikaanza kuzunguka na kicheko kikazunguka nayo. Mwenyekiti na Mzee Melkiori, ambao hawajapeana mkono tangu uchaguzi, wamesimama bega kwa bega, kidevu cha mmoja karibu kinagusa sikio la mwenzake. "Hongereni maharusi!" "Mwenyekiti, mahari umetoa?" Mzee Melkiori alikuwa bado yuko kule ghalani, anapiga kelele, "Mnacheka nini? Nije au nisije?"

Hapo ndipo sauti ilikuja. Ndogo, lakini ilikuja. Nikasema, "Kama hawa hawajakaribiana, basi na ng'ombe hawakuwa kwenye alizeti. Walikuwa ng'ambo ya maji. Niliwaona kwa macho yangu." Nikaketi.

Mzee Melkiori hakukubali. Alisema, "Basi kamera hii ni mwongo. Na ndege nao ni uongo?" Akasema kuna mtu aliyekanyaga shamba lake na hatanyamaza. Ana haki. Mvua ilishafuta nyayo, na nani alikanyaga hatujui mpaka leo. Lakini Mwenyekiti aliamua picha haiwezi kuwa shahidi, na lambo ni la wote.

Sasa la pili. Barua yako imefika leo asubuhi, na hata isingefika ningekwambia, maana sijalala vizuri wiki nzima.

Baba yako alikuja Ijumaa ile ya tarehe tisa kusomewa, akaketi kwenye kigoda, akageuza lile sikio lake zuri. Nikafungua. Shikamoo nikaisoma. Afya nikaisoma. Mstari wa tatu ukaanza: Baba, kubali tu. Nikamtazama. Alikuwa ananisubiri amefumba macho, kama mtu anayesubiri kumwagiwa maji ya mikono.

Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kusema kitu bila kusukumwa, ukasema: "Baba, najua hukusinzia. Najua ulikuwa macho. Mtu akinionyesha picha, nitakuamini wewe kuliko picha."

Akafumbua macho. "Ameandika hivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Soma tena hapo."

Ikabidi niyakumbuke maneno yangu mwenyewe, yatoke vile vile, macho nimeyabandika kwenye maneno yako ya kweli. Nilisoma mara tatu, Deo. Mara ya tatu alikuwa anasema pamoja nami.

Na jana mkutanoni, kabla sijaitwa, alisimama akagusa kofia. Akasema, "Mimi mambo ya kamera siyajui. Ila humu nina barua. Mwanangu yuko mbali, hajaona kitu, na ameniamini. Nyinyi mliokuwa hapa mnaniona kila siku, mna shida gani?" Nadhani ndiyo maana waliniruhusu kulala chini na kupoteza muda wao.

Kwa hiyo ujue kabla hujarudi. Atakushukuru kwa barua. Maneno niliyokuandikia hapo juu ndiyo yako, yajifunze.

Editha


Bwenini, Iramba
Jumamosi, 24 Mei 2025

Editha,

Barua yako nimeisoma chooni, ndiyo sehemu pekee hapa yenye mlango. Nilicheka mahari ya Mwenyekiti mpaka mtu akagonga. Halafu nikafika ile sehemu ya pili, nikakaa humo muda mrefu.

Nataka nikukasirikie na siwezi. Ulifanya kitu ambacho mimi mwanawe nilipaswa kufanya. Nimeyasoma hayo maneno, nimeyapenda, na hiyo ndiyo shida. Ningependa yawe yangu. Hayakuwa.

Nimejaribu kujifunza kama ulivyosema. Najiona nashuka basi, baba anakuja na ile suruali yake ya sikukuu, ananishika mkono kwa mikono miwili, anasema, "Mwanangu, ulinisimamia." Na mimi nasema nini? "Asante baba"? Nitakula chakula chake likizo nzima na hiyo asante kooni?

Halafu kuna jambo hujalifikiria. Dada yake Mathayo ameniambia mzee anamwonyesha kila mtu ile karatasi. Sasa hivi anaonyesha imekunjwa. Siku moja atamkunjulia mwinjilisti, au mtoto yeyote wa darasa la nne, amsomee tena apate raha. Unataka asikie kwa nani?

Kwa hiyo nimemwandikia nyingine, iko hapa ndani, sijaifunga. Isome kwanza mwenyewe. Halafu umsomee yeye neno kwa neno. Najua ninachokuomba. Ningekuwa na mtu mwingine nisingekuomba wewe, lakini wewe ndiye macho yake.

Deo


Iramba, 24 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Anayesoma ni Editha, na nimemwomba asiongeze wala asipunguze.

Barua iliyo ndani ya kofia yako haisemi ulivyosikia. Ulivyosikia yalikuwa maneno ya Editha, alikuonea huruma. Mimi niliandika kwamba ulisinzia. Niliandika ukaombe radhi kwa jambo ambalo hukulifanya. Niliandika kazi imekushinda. Niliona picha nikaiamini, sikukuuliza wewe.

Ulikuwa peke yako siku zile, na mimi nilikuwa pamoja na wao.

Shule inafungwa tarehe sita. Kama hutaki nije, mwambie Mathayo aniambie, nitabaki kwa mama mdogo Singida. Kama unataka nije, nitakuja kuchunga, wewe upumzike, si kwa sababu imekushinda.

Nisamehe, baba.

Mwanao, Deo


Kintinku,
Jumapili, 1 Juni 2025

Deo,

Nimemsomea. Neno kwa neno, hata pale penye jina langu.

Alikuja jana na hali nzuri. Aliuliza, "Leo umekamata nani?" nikasema leo kuna barua, akaketi haraka kama kijana. Nilisoma polepole. Nilipofika "maneno ya Editha" sauti ikakwama pale pale inapokwamaga, na safari hii hakuna aliyenisukuma. Nilijisukuma mwenyewe. Nikamaliza mpaka jina lako.

Kuku wa shangazi walipita katikati yetu wakarudi. Halafu akavua kofia, akatoa ile ya kwanza. Imeshachakaa kwenye mikunjo. Akanipa.

"Na hii sasa isome."

Nikamwambia, "Baba, si lazima."

"Isome, nimesema."

Nikaisoma ilivyo. Kubali tu. Acha kubisha kama mtoto. Imekushinda. Yote, mpaka tarehe. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo kila mstari, kama mtu anayepokea pole msibani.

Kuhusu wewe, nakwambia alichosema, sijaongeza: "Mtoto anaogopa. Mtu akiogopa anaandika hivyo. Aje." Umesikia? Aje. Alisema pia kwamba usinzie kwenye basi ukipenda, ila usishushwe Manyoni, ushuke hapa hapa. Kwa hiyo lako limekwisha, Deo. Nimefurahi. Kweli nimefurahi.

Sasa kuhusu mimi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema, "Editha, mimi shule sikwenda. Karatasi ikija kwangu ni nyeupe tu. Niliazima macho yako, na ukaniambia unaona kitu ambacho hakipo. Kilikuwa kizuri, nilikipenda. Lakini kesho ukiniambia kuna nyoka njiani, nitajuaje?"

Nilitaka kumwambia nilifanya kwa sababu alikuwa amefumba macho. Nilitaka kumwambia kwamba watu wote wanakuja kwa shangazi. Nilikuwa na sentensi nzima, nzuri, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ikafika kooni.

Alichukua barua zote mbili akaondoka. Shangazi amesikia kwamba alizipeleka kwa mwinjilisti zisomwe tena, ahakikishe. Zimesomeka sawa. Barua zako kwake kuanzia sasa mwandikie kupitia kwa mwinjilisti, ndivyo alivyoagiza. Anwani ni ile ile, badilisha jina tu.

Kamera nimeifuta, nimeirudisha kwenye boksi lake. Sijaacha. Ni kwamba alizeti inavunwa wiki hii na ndege wamehama, na sijui nitamwonyesha nani. Watu sasa wanaiita kamera ya mwongo, watoto wananifuata wakiimba. Mzee Melkiori peke yake ndiye hajanicheka. Ameniomba nimpige picha kweli ya kitambulisho.

Ukifika tarehe sita usije kwetu kwanza. Nenda kwake, kaa naye, chungeni. Usinitetee. Kama atanitaja mwenyewe, msikilize. Asiponitaja, mwache.

Asubuhi hii tumekutana njiani, mimi natoka kanisani, yeye anawapeleka ng'ombe majini. Nilisimama pembeni nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Siku zote alikuwa anaitika, "Marahaba, mwanangu," na kusimama kidogo, hata kama ng'ombe wanatangulia.

Leo aliitika, "Marahaba."

Nilisubiri lile neno la pili mpaka ng'ombe wa mwisho akapita.

Editha